Tulimwambia Anyamaze

Sisi ni kikundi cha maombi cha watu 12, wanawake tisa na wazee watatu. Tunakutana kila Alhamisi saa kumi jioni, tukishatoka shamba, chini ya mwembe ulio nyuma ya kanisa. Mvua ikinyesha tunaingia ndani. Baadhi yetu tumezaliwa Tarime na baadhi Serengeti, ng'ambo ya Mto Mara; ndoa na mashamba ndivyo vilivyotukutanisha. Tulipoombwa kuandika juu ya imani, tuliona tuandike juu ya machozi, kwa sababu hapo ndipo Neno la Mungu lilipotukamata.

Kwetu machozi yana mahali pake. Msibani mwanamke hulia kwa sauti, na asipolia watu watamsema. Lakini mbele ya kisu hakuna kulia. Mvulana anaposimama kutahiriwa, wajomba na majirani hawaangalii kisu, wanaangalia uso wake. Akikunja uso tu, aibu hiyo itamfuata yeye na nyumba yao. Wasichana nao, katika ile mila ya ukeketaji, walifundishwa hivyo hivyo. Sisi wanawake tulio katika kikundi hiki, wengi wetu tulipita hapo. Tuliuma meno. Tuliposifiwa kuwa hatukulia, tulijisikia tumekuwa watu wazima. Kisha tuliokoka, tukabatizwa, tukaimba kwaya, lakini lile fundisho la kuuma meno tuliingia nalo kanisani bila kujua.

Ilikuwa Desemba 2016. Wenyeji wa huku wanajua kwamba mwaka unaogawanyika kwa mbili, shule zikifungwa, ndio msimu wa kukeketa. Alhamisi moja alikuja mtoto wa mwenzetu mmoja, msichana wa darasa la sita, akakaa nyuma ya mama yake. Tulipoanza kuomba alilia. Alilia sana, mabega yakitikisika. Sisi tukafurahi, tukasema Roho anamgusa mtoto, tukaongeza sauti.

Baada ya maombi alimfuata mama mmoja mtu mzima katika sisi, akamshika kanga, akasema, "Bibi, mimi sitaki kukeketwa. Shangazi wameshapanga siku." Wengine wawili tulikuwa karibu tukasikia. Tukamwambia, "Nyamaza, mjukuu wetu. Usimwaibishe mama yako hapa. Tutakuombea." Tukamfuta uso kwa ncha ya kanga, tukamrudisha kwa mama yake.

Tulimwombea kweli. Hatukusema uongo. Lakini tulijua mambo mengine pia. Tulijua kwamba tangu 1998 sheria ya nchi imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Tulijua kuna kituo cha Masanga, huku Tarime, kinachopokea wasichana wanaokimbia. Tulijua kwamba Mugumu, tangu 2014, kuna Nyumba Salama, na jina la Rhobi Samwelly tulilisikia. Mama aliyekeketwa akiwa binti, akatokwa na damu karibu afe, akaamua wengine wasipite njia hiyo. Nauli ya bodaboda ilikuwemo katika mfuko wa kikundi. Tulikuwa na kila kitu isipokuwa sikio.

Wiki iliyofuata yule mtoto hakuja. Siku chache baadaye tulimwona barabarani, amefunikwa kitenge kipya, ameshikiwa mwavuli, wanawake wanaimba mbele na nyuma yake. Alitutazama, hakulia. Aliporudi shule ya Jumapili alikaa kimya, na kwa miezi mingi hakuna aliyemwona akitoa chozi wala kucheka. Mwalimu wake alimsifu kwamba amekuwa mtulivu. Sisi tuliosikia sauti yake chini ya mwembe tulikuwa tunakwepa macho yake.

Leo ni msichana mkubwa. Ametukubalia tuandike habari hii, ila jina lake tusilitaje.

Mwaka uliofuata tulikuwa tukisoma vitabu vya Samweli, sura moja kila Alhamisi. Tukafika 2 Samweli 13. Mama aliyekuwa na zamu ya kusoma alisoma jinsi Amnoni alivyomtendea Tamari, dada yake, na jinsi Tamari alivyotoka akiwa amejitia majivu kichwani, vazi lake limeraruliwa, akienda huku analia kwa sauti. Akafika mstari wa 20, ambapo Absalomu anamkuta dada yake na kumwambia anyamaze, kwa kuwa aliyemtendea ni ndugu yake. Hapo msomaji akasimama. Akafunga Biblia. Alikuwa ndiye yule bibi aliyeshikwa kanga.

Hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu. Kisha mmoja wetu akasema, "Maneno yetu yamo humu."

Jambo lililotuchoma ni kwamba Absalomu hakuwa adui wa Tamari. Alimpenda. Alimpa mahali pa kukaa nyumbani kwake. Alimchukia Amnoni kwa ajili yake. Lakini alimnyamazisha ili jambo libaki ndani ya familia, na mfalme Daudi, baba yao, alikasirika bila kufanya lolote. Ukisoma mbele unaona kile kilio hakikwisha kwa kunyamazishwa. Baada ya miaka miwili kilitokea mahali pengine, Amnoni akauawa karamuni, na nyumba yote ya mfalme ikalia. Tamari mwenyewe Biblia inamwacha humo nyumbani mwa kaka yake, ukiwa mtupu. Hatumsikii tena.

Tangu siku hiyo tulinunua daftari, tukaamua kuandika kila mtu anayelia katika Biblia, na kando yake tuandike: nani alimsikia, na alimfanyia nini? Kazi hiyo ilituchukua zaidi ya mwaka. Tutawashirikisha machache.

Katika Mwanzo 21, Hajiri amefukuzwa na mtoto wake, maji yameisha jangwani. Anamlaza mtoto chini ya kichaka, anakaa mbali asimwone akifa, analia. Malaika anaanza kwa kumwuliza Hajiri ana nini. Kisha anamwambia kuwa Mungu amesikia sauti ya kijana. Mama ndiye tuliyesoma kwamba alilia, lakini sauti ya mtoto ndiyo inayotajwa kuwa imesikiwa. Kisha Mungu akamfumbua macho mama akaona kisima. Katika daftari tukaandika: alisikia, aliuliza, alionyesha maji.

Hana, katika 1 Samweli 1, aliomba huku analia, na kuhani Eli akadhani amelewa. Sisi tulidhani yule mtoto amejazwa Roho. Eli alikosea kama sisi, ila Hana alipojieleza yeye alibadilika, akambariki. Sisi tulielezwa na hatukubadilika.

Binti Yeftha, Waamuzi 11, tulimsoma kwa shida. Baba ameweka nadhiri kwa kinywa chake, na anasema hawezi kurudi nyuma. Binti anaomba miezi miwili, anakwenda milimani na wenzake kuulilia ubikira wake. Ilikuwepo miezi miwili nzima. Katika Israeli yote hatuoni mtu mmoja aliyemwendea Yeftha kumwambia, "Mzee, hili liache." Kilichobaki ni wasichana kwenda kila mwaka kumkumbuka. Wazazi wetu wengi ni kama Yeftha. Hawawachukii binti zao, wanawapenda, lakini wanasema mila imeshasema na hawawezi kurudi nyuma. Tuliandika: hakuna aliyemsikia.

Wazee wetu watatu mwanzoni walikuwa wanasikiliza tu. Kulia ni habari za wanawake, walisema kwa utani. Tulipofika kwa Yusufu walianza kusogeza viti. Yusufu analia mahali saba katika Mwanzo, tulihesabu. Mara ya kwanza anajitenga na ndugu zake ili wasimwone. Mara ya pili anaingia chumbani, analia, ananawa uso, anatoka akijizuia. Mzee mmoja akasema, "Huyu wa kunawa uso ni mimi." Lakini mara ya tatu, sura ya 45, Yusufu anashindwa kujizuia, analia kwa sauti mpaka Wamisri wanasikia, na hapo ndipo anapojitambulisha kwa ndugu zake. Wakati ananawa uso hawakupatana. Walipatana alipoacha kuficha.

Kisha tukasoma 1 Samweli 30. Daudi na watu wake wanarudi Siklagi, wanakuta mji umechomwa, wake zao na watoto wao wamechukuliwa na Waamaleki. Wanaume hao wote, watu wa vita, wanalia mpaka nguvu za kulia zinawaishia. Mzee wetu wa pili ni mtu aliyewahi kuamka usiku akakuta zizi tupu, ng'ombe wote wameswagwa, na mdogo wake amelala nje amechomwa mkuki. Alifuata nyayo za mifugo siku mbili pamoja na vijana. Hakuwahi kulia. Alisema mbele yetu kwamba kwa miaka yote hiyo alidhani kulia kungempunguzia nguvu ya kufuatilia. Akaonyesha kwa kidole: Daudi alilia kwanza, kisha akamwuliza Bwana kama afuatie, kisha akaondoka na watu 600 na kurudisha kila mtu aliyechukuliwa. Siku hiyo mzee alilia. Tulikaa naye hadi giza likaingia, na hakuna aliyemwambia ajikaze.

Na Bwana wetu mwenyewe alilia. Alilia kwa ajili ya Lazaro ingawa alijua atamfufua. Aliulilia Yerusalemu alipouona. Waebrania 5:7 inasema aliomba kwa kilio kikuu na machozi. Kama kulia ni upungufu wa imani, basi tumshtaki yeye kwanza.

Hapo ndugu mmoja aliuliza swali zuri. Alisema, "Lakini Yesu naye alisema usilie. Si alimwambia hivyo mjane wa Naini?" Ni kweli, Luka 7 inasema hivyo. Tukasoma tena polepole. Yesu anamwona mama, anamhurumia, anamwambia asilie, na papo hapo anakwenda kuligusa jeneza. Waliolichukua wakasimama. Kijana akainuka. Basi tukaelewana hivi: anayemwambia mwenzake usilie, na awe tayari kwenda kuligusa jeneza. Kama mkono wako haugusi kitu, neno hilo kinywani mwako ni la Absalomu.

Tangu hapo tumekubaliana mambo matatu. Mtu akilia mbele yetu, tunauliza kwanza ana nini, na tunangoja jibu. Pili, akieleza, hatumwachii maombi peke yake. Tunaomba, kisha mmoja wetu anakwenda naye, iwe hospitali, au kwa mwenyekiti wa kijiji, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Tatu, mfuko wa kikundi una fungu la nauli ambalo halikopeshwi mtu.

Si rahisi. Katika misimu iliyofuata tumewasindikiza wasichana wawili, na mmoja wa mama zetu hajasalimiwa na kaka yake tangu wakati huo, kwa sababu mmoja wa hao wasichana ni binti ya kaka huyo. Anapopita sokoni anasikia wanavyomsema. Kuna Alhamisi anakuja na kulia kwa ajili ya kaka yake. Tunamwuliza, anatueleza, tunakaa naye. Bado tunamwombea kaka huyo, na wazee wetu wameshamwendea mara tatu. Mara ya tatu aliwapa viti.

Na mama wa yule mtoto wa 2016 bado yuko nasi. Kwa muda mrefu tulipofika Tamari alitoka nje. Jioni moja hakutoka. Alisema mbele ya wote kwamba naye alijua siku iliyopangwa, na kwamba alimsikia mtoto wake akilia nyuma yake wakati wa maombi, akaongeza sauti ya kuimba ili asisikie. Alilia sana. Binti yake alikuwa amekuja kumpokea mzigo wa kuni, akasimama mlangoni. Kisha akaingia, akamkalia mama yake karibu, akamwuliza, "Mama, una nini?" Hatukumfundisha swali hilo.

Ndugu msomaji, Ufunuo 21:4 inatuahidi kwamba Mungu mwenyewe atafuta kila chozi. Sisi wa kikundi hiki tunaipenda ahadi hiyo kwa sababu huwezi kumfuta mtu machozi ukiwa mbali naye. Lazima umkaribie, na lazima uyaone. Basi Desemba itakapofika na shule zikafungwa, ukimwona mtoto analia kwenye benchi la nyuma, usikimbilie kusema Roho amemgusa, wala usimwambie anyamaze. Mwulize ana nini. Kisha umngoje ajibu.