Bibi wa Las Vegas alivyonikausha mate

Jamani, Las Vegas si mchezo! Mtaa wa Fremont, kwenye Binion's yalikoanzia mashindano ya dunia ya poka mwaka 1970, nilipiga picha tu, nikapita. Mkosi ulinisubiri kasino ya jirani.

Nilikaa na dola 200, nauli imo humo. Kila nikiweka dau la 10, bibi mmoja wa miwani anapandisha: 35! Karata za mezani hata moja haijafunuliwa. Mara nne nikakimbia. Ya nne akanionyesha kwa makusudi: saba na mbili, takataka tupu! Kumbe ananitisha tu.

Basi ya tano nikajifanya dume. Nina tisa mbili, nikasukuma zote. Bibi akafunua esi mbili.

Hotelini nilirudi kwa miguu.