Ukikimbilia Lori Lililoanguka, Unabeba Nini?



Tangu Jumapili simu yangu haijanyamaza. Wengine mmeniuliza kwa upole, wengine mmesema wazi kwamba Pasta aliwaaibisha watu. Nimeona niandike mwenyewe, ili usisikie kwa mtu wa kati. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujajibu.

Wakati wa sadaka ya shukrani, mama mmoja wa kanisa letu alikuja mbele na jerikeni mbili za mafuta ya kupikia, lita 20 kila moja, mpya, hazijafunguliwa. Sitamtaja. Na wewe unayemjua, usimtaje hapa chini. Lakini sote tulijua mafuta hayo yametoka wapi. Siku nne kabla ya hapo, usiku wa mvua, lori lilipinduka kwenye kona karibu na Keroka. Dereva alivunjika mguu. Kulipopambazuka, lori lilikuwa tupu kama debe.

Nikwambie ukweli wa moyo wangu. Nilipoziona zile jerikeni, jambo la kwanza halikuwa Neno la Mungu. Lilikuwa hesabu. Tuna kongamano la vijana Desemba, na kamati ya jikoni ilikuwa imeniandikia kwamba inahitaji lita 40 za mafuta. Arobaini kamili! Kwa sekunde chache niliona ni jibu la maombi.

Kisha nikamuuliza, "Mama, Mungu amekutendea nini?"

Akasema, "Pasta, Mungu alitufungulia mlango pale kona."

Watu wengine wakasema Amina. Ndipo nikasema, kwa maikrofoni, mbele ya kanisa lote, "Mama, haya siwezi kuyaombea. Yarudishe." Akabeba jerikeni zake akarudi kiti cha nyuma.

Mpendwa, nililosema lilikuwa kweli, lakini namna nilivyosema ilikuwa kosa. Siku ya Jumatatu nilikwenda kwake na mke wangu, nikaketi, nikamwomba msamaha kwa sababu ya ile maikrofoni. Alinisamehe. Lakini pia alinijibu, na majibu yake yamenikosesha usingizi.

Alisema, "Pasta, ile kampuni ina bima. Mimi nina watoto wanne na bonasi ya chai iliishia kwa karo. Nimemchukulia nani kitu?" Halafu akaongeza, "Na mwanasiasa akija na bahasha, wewe humuulizi ameitoa wapi."

Kwa hilo la pili sikuwa na jibu. Amesema kweli. Kuanzia sasa swali nililomuuliza yeye nitamuuliza kila mtu anayeleta kitu mbele ya madhabahu ile, hata akija na magari matano. Lakini leo acha nijibu lile la kwanza: nimemchukulia nani kitu?

Mimi namjua huyo "nani". Nilimpita nikiwa na miaka kumi na saba.

Ilikuwa mwaka wa 1997, mwezi wa kumi na moja, ile mvua ya El Nino. Wazee wenzangu mnaikumbuka: barabara zilikatika, migomba ililala. Lori la sukari liliteleza likalala ubavu, si mbali na kwetu. Mtu mmoja akapiga kelele kilimani, "Sukari!" Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo. Nilichukua karai na gunia tupu, nikakimbia. Kijiji kizima kilikimbia.

Utingo wa lile lori alikuwa amebanwa miguu na mlango. Kijana wa rika langu tu. Alikuwa anasema kwa Kiswahili, "Ndugu zangu, nisaidieni. Nipeni hata maji." Nilimsikia vizuri sana, maana nilipita karibu naye mara mbili, nikienda na nikirudi. Nilijiambia wakubwa watamshughulikia. Wakubwa walikuwa na magunia pia.

Mtu aliyemfikia ni nyanya mmoja wa ng'ambo ya mto. Yeye alikuja na leso na kikombe cha maji. Alimfunika, akamnywesha, akaanza kuwafokea wanaume mpaka wanne wakaacha sukari wakainua ule mlango. Kijana yule alipelekwa hospitalini. Sikujua kama miguu yake ilipona.

Mama yangu aliuliza, "Hii umepewa na nani?" Nikasema, "Kila mtu amechukua." Hakuuliza tena. Tulikuwa maskini. Tulikunywa chai tamu mpaka Januari.

Ona basi, mpendwa. Tulikimbia barabara moja, tukalifikia lori moja. Mimi nilibeba gunia, nyanya alibeba maji. Mambo yote ya siku ile yaliamuliwa kabla hatujafika, kwa kile kilichokuwa mkononi tulipotoka nyumbani.

Sasa tuje kwa sheria, kwa maana wengi wanadhani kitu kilichomwagika barabarani hakina mwenyewe. Sivyo. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 268, inaeleza wizi kuwa ni kuchukua kitu kwa hila bila kuwa na haki nacho. Aliyeokota kitu kilichopotea anaweza kujitetea kama hakujua mwenyewe na aliamini kwa sababu nzuri kwamba hawezi kupatikana. Lakini lori lina nambari ya usajili mbele na nyuma, mara nyingi na jina na simu mlangoni, na dereva amelala hapo kando akilia! Utasema hukumjua mwenyewe?

Wizi wa kawaida adhabu yake inafika miaka 3. Lakini kifungu cha 279 kinasema ukiiba kutoka kwenye gari linalosafirisha bidhaa, inafika miaka 14. Kifungu hicho hicho kinataja pia chombo cha majini kilichovunjika au kukwama. Waliotunga sheria walijua kwamba mali iliyo safarini, au mikononi mwa mtu aliyepatwa na ajali, haina mlinzi ila dhamiri ya wanaoiona. Na kifungu cha 322 kinamgusa anayepokea au kuweka mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Hiyo nayo ni hadi miaka 14. Kwa hiyo mimi pia, kama ningezipokea zile jerikeni, kola yangu ya upasta isingenifunika.

Si Kenya peke yake. Jimbo la California huko Marekani lina kifungu maalumu cha uporaji, kinachofanya wizi wa kuvunja na kuingia uwe mzito zaidi wakati wa hali ya hatari kama tetemeko au moto. Hata vitani, Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka wa 1949 unakataza uporaji. Mataifa yasiyokubaliana kwa mengi yamekubaliana kwa hili: usimwibie mtu siku ya msiba wake.

Na wenye sare hawakuachwa. Mnakumbuka Westgate, Septemba 2013? Watu walikuwa wamelala wafu humo ndani. Baadaye wanajeshi wawili walifukuzwa jeshini na kufungwa kwa sababu ya uporaji. Na mnakumbuka 25 Juni 2025, watu walipotoka kuwakumbuka vijana waliouawa mwaka mmoja kabla. Mpaka jioni maduka ya Nairobi yalikuwa yamevunjwa. Kilio cha haki kikageuzwa kuwa kivuli cha mtu wa kubeba simu za mwenzake.

Lakini sheria ya nchi huja baada ya mambo kutendeka. Sheria ya Mungu inakukuta ukiwa bado mlangoni na gunia lako.

Fungua Kutoka 23. Mstari wa 2 unakukataza kuufuata umati ukatende mabaya. Kwa hiyo "kila mtu amechukua" si utetezi. Teremka mpaka mstari wa 5. Hapo Mungu anazungumza juu ya punda aliyelala chini ya mzigo wake, na punda huyo ni wa mtu anayekuchukia. Anakuagiza usimwache mwenyewe peke yake, bali umsaidie. Mpendwa, punda wa Musa ndiye lori letu! Mzigo umelala barabarani na mwenyewe hana nguvu. Mungu haishii kusema usichukue. Anasema usipite. Mimi mwaka ule nilivunja yote mawili kwa safari moja.

Kisha soma Obadia 1:11-14. Edomu alihukumiwa kwa sababu siku ya maafa ya ndugu yake alisimama kando, kisha akaingia langoni, kisha akanyoosha mkono kwenye mali. Angalia hatua hizo: kusimama, kuingia, kunyoosha mkono.

Na sisi watu wa Nyamira tunaujua uchungu huu kutoka upande ule mwingine. Mapema mwaka wa 2008, kwenye mpaka wa Borabu na Sotik, nyumba zilichomwa na ng'ombe wakaswagwa usiku. Wako washirika wetu waliobaki na nguo za mwilini. Na tuseme kweli, kuna majirani zetu wa upande wa pili wenye hadithi kama hiyo juu yetu. Hakuna aliyeita jambo lile mlango uliofunguliwa na Mungu.

Tena kuna hatari. Tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilianguka Sachang'wan, karibu na Molo. Watu walikimbia na mitungi. Moto uliwaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 10 Agosti 2019 jambo kama hilo likatokea Morogoro, Tanzania, na huko pia waliokufa walipita 100. Mwaka wa 2021 likatokea Malanga, kule Siaya. Sisemi Mungu aliwachoma. Mungu asinihesabie neno kama hilo. Wengi walikuwa maskini kama nilivyokuwa mimi, na petroli haijui maskini wala tajiri. Mvuke wake huenea bila kuonekana, na cheche moja yatosha. Ukiona lori la mafuta limeanguka, rudi nyuma, wazuie watoto, zima sigara, mwondoe pikipiki wako, piga simu 999 au 112.

Sasa, wewe ambaye una kitu nyumbani. Najua mko zaidi ya mmoja.

Mambo ya Walawi 6:1-5 haituachi kwenye toba ya mdomo. Anayeungama anarudisha kitu chenyewe, na kuongeza sehemu ya tano. Mimi nilisoma mistari hiyo nikiwa chuo cha Biblia na kalamu ikanianguka. Nilitafuta wenye lile lori nikawakosa. Nilitafuta yule utingo nikamkosa. Nyanya alikuwa ameshafariki. Ndiyo sababu naandika haya leo, wakati wako bado haujapita. Kurudisha kuna siku zake. Zikipita, unabaki na toba isiyo na pa kwenda.

Huyu mama yetu ameamua. Kesho asubuhi tunakwenda pamoja kituo cha polisi na zile jerikeni mbili. Sikumdanganya kwamba hataulizwa maswali. Nilimwambia nitakuwa nimeketi kando yake akiulizwa. Ukitaka kuja nasi, nipigie usiku huu. Sitaandika jina lako popote, na Jumapili sitasema neno. Maikrofoni nimejifunza.

Na yule dereva bado yuko wodini, mbali na kwao. Akina mama, nani atampelekea uji? Akina baba, nani ataongea na ndugu zake kwa simu? Huo ndio mzigo wa punda uliobaki.

Tuombe. Baba, tusamehe kwa siku tulizokimbia na magunia. Weka leso na maji karibu na mlango wetu, ili siku mwenzetu akianguka, tusipoteze muda kutafuta. Kwa jina la Yesu, Amina.

Nyasae abasesenie.