Waliangalia Mkate, Hawakumwuliza Bwana

Neno la leo ni Yoshua 9. Lisome ukiwa umeshika simu yako.

Wagibeoni walikuwa majirani wa Israeli, lakini walijifanya wametoka nchi ya mbali. Walivaa viatu vyenye viraka, wakabeba mkate mkavu wenye ukungu. Viongozi wa Israeli wakauangalia mkate, wakaamini, wakafanya agano. Hawakumwuliza Bwana. Baada ya siku tatu ukweli ukajulikana, na kiapo kilikuwa kimeshatoka mdomoni.

Siku hizi mkate wa ukungu unakuja kwa simu. Umefungua ukurasa kutafuta wimbo, mara linaruka tangazo jekundu: simu yako ina virusi, bonyeza hapa sasa hivi! Mpendwa, ukurasa wa intaneti hauwezi kuipima simu yako ukaona virusi. Anakutisha ili upakue programu yake. Usibonyeze kitu ndani ya tangazo hilo, hata palipoandikwa "funga". Funga ukurasa wote. Na ukurasa usioujua ukiomba ruhusa ya kukutumia taarifa, kataa.

Mwingine atakuahidi kukuongezea kiwango cha Fuliza, ulipe ada kidogo kwanza. Mwingine atasema jina lako limetoka, kuna kazi uwanja wa ndege, tuma pesa ya yunifomu kabla ya saa kumi. Vijana wangu wa Airport na Magongo, kila siku mnaona ndege zikishuka hapo Moi, na tapeli anajua ndiyo kazi mnayoiombea. Mwajiri wa kweli hauzi kazi kwa M-Pesa.

Sasa nisikilize hapa. Matapeli wamejifunza lugha yetu ya kanisa. Mama mmoja wa ushirika wetu, muuza mboga, aliandikiwa kwamba ameshinda na msimu wake umefika. Akasema, "Napokea!" Akatuma ada. Ilikuwa karo ya mtoto. Wiki tatu hakuja ibadani, na kilichomzuia ni aibu. Ameniruhusu niwaambie, ili mwingine apone.

Mama, hukukosa imani. Uliibiwa. Lakini kanisa, tuelewane: imani si kusema "napokea" kwa kila kinachogonga mlango. 1 Yohana 4:1 inatuagiza tuzijaribu roho. Basi na meseji ijaribiwe!

Silaha kubwa ya tapeli ni haraka. Hataki upate hata dakika tano za kumwuliza mtu. Kwa hiyo wewe omba, halafu uliza. Muulize mwanao, muulize ajenti wa M-Pesa, niulize mimi. Safaricom huwapigia wateja kwa 0722 000 000 pekee. Meseji ya utapeli ipeleke 333. PIN yako usimpe mtu, wala zile tarakimu sita za WhatsApp, hata anayeomba akijiita mchungaji wako. Mimi sitaingia inboksi yako kukuomba mbegu. Ukiona hivyo, ujue si mimi.

Na kama umeshatuma, usikae kulia peke yako. Ile meseji ya M-Pesa ipeleke 456 saa hiyo hiyo uombe pesa irudishwe, kisha piga simu huduma kwa wateja. Halafu njoo kanisani. Hakuna atakayekucheka.

Jumapili baada ya ibada, vijana watakaa na akina mama na wazee, simu kwa simu. Njoo na yako ikiwa na chaji.

Baba, tupe macho ya kuona na subira ya kuuliza. Linda jasho la watu wako, kwa jina la Yesu.

Andika AMEN, kisha mtumie mzazi wako ujumbe huu. Mbarikiwe.