Nyuki Ndani ya Pon

Anayejua Niania anajua njia zake tatu: moja ya Bafwasende na Kisangani, moja inapanda Wamba na Isiro, ya tatu inapita Epulu na Mambasa mpaka Komanda na Bunia. Malori hulala pale, na vijana wa machimbo hushuka pale na mizigo yao. Mwenye gari mbovu hakosi washauri.

Mimi nilifika na gari ndogo ya okazioni, volani kuume, ya otomatiki, magurudumu yote manne yanavuta. Tulikuwa tunapeleka hospitali ya Mambasa mama mmoja mwenye mimba iliyomsumbua. Tangu asubuhi nyuma ilikuwa inalia uuuu, kama nyuki ndani ya mtungi. Nilisikia, nikaongeza mwendo. Kosa langu hilo.

Fundi wa kwanza alisikiliza kidogo tu. “Bwati otomatiki imekufa, Baba Pasta. Tuishushe.” Bei aliyotaja ilishinda mchango wote wa safari. Mwingine akataka tufungwe kamba nyuma ya lori. Ndipo kijana mmoja akakataa: otomatiki ikivutwa motere imezimwa, mafuta hayazunguki ndani ya bwati, inaungua. Mama hakungoja mabishano yetu. Lori la Komanda lilimchukua pamoja na mume wake.

Yule kijana aliuliza kwanza. Inalia gari ikisimama, ukikanyaga mafuta? Hapana. Tukaenda naye mahali palipo sawa, polepole, nikasogeza mkono wa vitesi kwenye N. Mlio ulipungua kidogo, haukukoma: basi ulifuata magurudumu, si motere. Tukakata kona huku na huku, kwa sababu rulima ya gurudumu ikichoka, mara nyingi hulia zaidi uzito ukiilalia. Haukubadilika. Akaweka mawe mbele ya magurudumu, akapiga kriki, akatikisa kila gurudumu juu na chini. Hakuna lililocheza.

“Basi ni pon.” Akafungua buloni ya juu kwanza, ili asije kumwaga mafuta akashindwa kujaza mengine. Akaingiza kidole. Kikatoka na kitu cheupe kama chai ya maziwa. Maji!

Kumbe pon hupata moto njiani. Ukiitumbukiza ghafla katika dimbwi, hewa ya ndani inapoa na kujikunja, nayo inavuta maji kwa tundu dogo la kupumulia au kwa mpira wa muhuri uliochoka. Madimbwi ya njia ile mnayajua. Mafuta yenye maji hayalindi meno.

Tulimwaga, tukaweka mafuta mapya ya 80W90. Mlio ulishuka, haukuisha, maana chuma kilichokwisha kulika hakirudi. Rulima za ndani zilibadilishwa Bunia baadaye.

Mambasa tulimkuta mama amejifungua usiku, mtoto wa kike. Akaniuliza, “Baba Pasta, ile nyuki imenyamaza?”

“Kidogo, mama.”

Akacheka, akasema kurudi atapanda lori.