Hili Niachie Mimi

Sikunyamaza. Kwa miaka mingi huo ndio ulikuwa utetezi wangu, ingawa hapakuwa na mtu aliyenishtaki. Niliona jambo likanitia shaka, nikaenda kwa mkubwa wangu nikamweleza. Kisha nikaenda kula chakula cha mchana, na nilikula vizuri. Kosa ninaloliungama hapa limo ndani ya hamu ile ya kula.

Nilikuwa mwalimu katika chuo kimoja cha ualimu, na juu ya vipindi vyangu nilipewa umeneja wa timu ya netiboli. Umeneja wa chuo si cheo cha kujivunia: unaomba basi, unafuatilia posho, unahesabu jezi zikitoka kufuliwa, unajaza fomu za usajili wa mashindano. Ufundi wote ulikuwa wa kocha. Alikuwa mtu mzima, mcheshi, wa kwanza kusali kabla ya safari, na vikombe alivyotuletea mkuu wa chuo alivipanga kwenye kabati la vioo ofisini kwake ili kila mgeni avione. Alikuwa na desturi ya kuwachua wachezaji wenye maumivu, mmojammoja, ndani ya stoo ya vifaa vya michezo. Sote tulijua. Tulilihesabu kuwa sehemu ya kazi yake.

Jioni moja nilikwenda stoo kuchukua mipira nikakuta mlango umefungwa kwa ndani. Niligonga, nikangoja, nikagonga tena. Alitoka binti wa mwaka wa kwanza, jezi kaigeuza mishono iko nje, raba kazishika mkononi. Akaniambia, "Shikamoo, mwalimu." Alikuwa amekwisha kuniamkia asubuhi tulipokutana paredi, na mchana tena pale bwaloni. Binti yule hakuwa na haja ya kuniamkia mara ya tatu. Alitafuta neno lolote la kusema, akapata lile ambalo halikuwa na hatari. Mimi nikajibu "marahaba", nikampisha apite. Nyuma yake akatoka kocha, anafuta mikono kwa kitambaa, akanieleza kwamba nyonga ya yule mtoto inamsumbua na inahitaji kufuatiliwa.

Kesho yake mtunza stoo, mzee aliyekuwapo chuoni kabla ya wengi wetu, alinisogelea wakati nasaini daftari la vifaa. Alisema bila kuniangalia: "Mwalimu, huo ufunguo mimi nimeshaacha kuuliza jioni unakwenda wapi."

Basi nikaenda kwa mlezi wa wanafunzi. Alifunga mlango, akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama nina ushahidi. Nikasema sina, nina shaka. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa kila kitu. "Umefanya vyema kuja kwangu," akasema. "Hili niachie mimi. Usilizungumze na mtu mwingine, maana tunaweza kumharibia mwenzetu jina, na mashindano yenyewe ndiyo haya yamefika." Nilimshukuru. Nataka nilirudie hilo: nilimshukuru mtu kwa kuniondolea jambo ambalo halikuwa lake peke yake kuliondoa. Sikumuuliza atafanya nini, lini, wala nitajuaje kama amefanya. Na yule binti sikumuuliza chochote, si siku ile, si baadaye.

Timu ilikwenda ikarudi na kikombe. Binti aliacha kucheza, akasema goti linamuuma. Kilichobaki kilimalizwa kwa adabu zetu zote: mwisho wa mwaka kocha alihamishiwa chuo kingine, tukamfanyia sherehe ya kumuaga, tukachanga zawadi. Kwa kuwa nilikuwa meneja, mimi ndiye niliyemkabidhi, na picha ikapigwa.

Mwaka uliofuata, Novemba 2011, zikaja habari za Chuo Kikuu cha Penn State huko Pennsylvania, Marekani. Jerry Sandusky, aliyekuwa kocha msaidizi wa timu ya futiboli ya Kimarekani hadi 1999, alikamatwa kwa kuwadhalilisha watoto wa kiume kwa miaka mingi. Watoto hao aliwapata kupitia The Second Mile, shirika la kusaidia watoto wenye shida ambalo alilianzisha mwenyewe mwaka 1977. Siku chache baadaye kocha mkuu, Joe Paterno, akafukuzwa kazi. Kwa msomaji asiyeufuata mchezo huo, Paterno alikuwa mkubwa kuliko chuo chenyewe: kocha mkuu tangu 1966, ushindi wa mechi 409, sanamu yake ya shaba nje ya uwanja unaochukua watu zaidi ya laki moja, maktaba yenye jina la familia yake. Usiku alipofukuzwa wanafunzi waliingia barabarani kwa hasira na kulipindua gari la kituo cha televisheni. Hawakuwa wakiwalilia watoto. Walikuwa wakimlilia kocha.

Katika ofisi ya walimu mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote. Nilimlaani hasa Mike McQueary, yule kijana msaidizi ambaye Ijumaa moja usiku, Februari 2001, alimkuta Sandusky na mtoto wa kama miaka kumi katika mabafu ya jengo la timu. Mwanamume mzima, mchezaji wa zamani, mwenye mwili wake, akaondoka akampigia simu baba yake! Niliuliza mbele ya watu: mtu anaonaje hivyo na asimrukie yule mzee shingoni? Wenzangu waliitikia. Nilijisikia mwema sana siku hiyo.

Kisha nikaanza kusoma jinsi taarifa ilivyosafiri, na hapo kelele zikanikauka kooni. McQueary kesho yake asubuhi alikwenda nyumbani kwa Paterno akamweleza. Paterno akamweleza Tim Curley, mkurugenzi wa michezo. Kisha likafika kwa Gary Schultz, makamu wa rais wa chuo aliyekuwa na polisi wa chuo chini yake, na kwa Graham Spanier, rais wa chuo. Baada ya siku kadhaa McQueary aliitwa, akaeleza tena, wakubwa wakasikiliza. Barua pepe zilizofichuliwa baadaye zinaonyesha kwamba mpango wa kwanza ulikuwa kuipasha habari idara ya ustawi wa jamii ya jimbo. Kisha wakabadili nia. Wakaona ni utu zaidi kuzungumza na Sandusky mwenyewe, kulijulisha shirika lake, na kumkataza asilete watoto chuoni. Spanier alikubali, akaandika kwamba hatari pekee kwao ni kuwa ujumbe usiposikika, wao ndio watakaoulizwa kwa nini hawakutoa taarifa. Ina maana hatari waliiona na wakaipima, ila waliyoipima ilikuwa ya kwao. Na hakuna hata mmoja aliyefanya juhudi ya kumjua yule mtoto ni nani, yuko wapi, na usiku ule alilala nyumba gani.

Kila mmoja pale alisema na mtu. Huwezi kumshika hata mmoja ukasema huyu alifunga mdomo kabisa. Katika msururu ule nafasi yangu ilikuwa pale pale kwa McQueary, isipokuwa yeye alinizidi: alieleza zaidi ya mara moja, na miaka ilipopita akasimama mahakamani akayasema yote hadharani, akapoteza kazi. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama liliona chuo kilimtendea vibaya, likaamua alipwe mamilioni ya dola. Mimi sijawahi kupoteza hata kipindi kimoja.

Kuna watu wengine katika habari ile ambao huwa hawatajwi sana. Mwaka 2000 mfanya usafi wa jengo hilohilo aliona jambo, akawaeleza wenzake huku akitetemeka. Waliogopa kufukuzwa kazi, wakanyamaza. Niliposoma hilo nilimkumbuka mzee wa stoo. Yeye alikuwa na mshahara mdogo na familia kubwa, na bado alithubutu kunisogelea. Mimi nilikuwa na ajira ya kudumu.

Na waliofika mbali kweli walikuwa akina mama. Mama mmoja alipiga simu polisi ya chuo mwaka 1998. Uchunguzi ukafanyika, hakuna aliyeshtakiwa. Mama mwingine mwaka 2008 alikwenda shuleni kwa mwanawe, na huko ndiko ulikoanzia uchunguzi uliomfikisha Sandusky gerezani. Juni 2012 alitiwa hatiani kwa makosa 45 kati ya 48, akahukumiwa kifungo cha miaka 30 hadi 60. Miongoni mwa watoto waliotajwa katika kesi hiyo wamo walioumizwa baada ya 2001, yaani baada ya wakubwa wote wale kuwa wamekwisha kuambiwa. Curley na Schultz walikiri kosa mwaka 2017, Spanier akatiwa hatiani mwaka huohuo, kila mmoja kwa kuhatarisha usalama wa mtoto. Paterno alifariki Januari 2012. Kabla ya hapo alisema kwamba akitazama nyuma, anatamani angefanya zaidi. Familia yake mpaka leo inapinga lawama anazobebeshwa, na mimi si hakimu wake. Ninachojua ni kwamba sentensi yake ile ningeweza kuitia saini.

Kilichonichoma zaidi ni sheria. Pennsylvania wakati ule ilimtaka mfanyakazi wa taasisi amweleze mkuu wa mahali pake, na mkuu ndiye apeleke habari serikalini. Kwa hiyo aliyemwambia bosi alikuwa ametimiza wajibu wake kwa karatasi. Baada ya kashfa hiyo jimbo lilibadili utaratibu mwaka 2014: aliyeona au kushuku apeleke taarifa mwenyewe moja kwa moja, bosi ajulishwe baadaye. Watu wa Pennsylvania walihitaji janga ili kuandika hivyo. Sisi tulikuwa nayo tayari. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuifikisha kwa mamlaka ya serikali ya mitaa. Mlezi wa wanafunzi hatajwi. Na nilijua kwamba binti yule hajatimiza miaka 18, kwa kuwa tarehe yake ya kuzaliwa niliiandika kwa mkono wangu kwenye fomu ya mashindano.

Huwa najiuliza tungekuwaje kama ningekosea, kama kweli ilikuwa ni nyonga tu. Swali hilo ndilo lililonifunga miguu, na nadhani ndilo linalowafunga wengi wanaosoma hapa. Sasa naliona kwa namna nyingine. Sikuwa nimeombwa kuhukumu. Kutafuta ushahidi ni kazi ya polisi na maofisa ustawi wa jamii, watu wanaojua kumkalisha mtoto na kumuuliza bila kumtisha. Mimi nilijitwika kazi yao ili niweze kusema sina ushahidi, kisha nikaikwepa kazi yangu, ambayo ilikuwa ndogo: kwenda dawati la jinsia na watoto kituoni na kusema nimeona mlango umefungwa, nimeona binti ametoka hivi, tarehe fulani, saa fulani. Funika kombe mwanaharamu apite, tunasema, na tulilifunika kweli. Aliyepita akahamia chuo kingine, kwenye mabinti wengine.

Mwaka 2018, dunia ilipomtazama Larry Nassar, daktari wa wanamichezo wa jimnastiki wa Chuo Kikuu cha Michigan State, akihukumiwa miaka 40 hadi 175, nilizima redio. Yeye pia alikuwa akiita ile kazi matibabu. Mabinti wawili walimweleza kocha wa chuo mwaka 1997, hawakusadikiwa, na Nassar aliendelea hadi 2016. Zaidi ya wanawake 150 walisimama mahakamani kueleza walichofanyiwa. Chuo kilikubali kulipa dola milioni 500. Nilikuwa nikihesabu miaka kati ya 1997 na 2016, na nikawa siwezi kuacha kuhesabu ya kwangu.

Ndipo nikaandika barua. Niliipeleka chuo kile ambako kocha wetu alihamishiwa, nikataja nilichokiona stoo, nikaweka jina langu na namba ya simu. Mtu asinisifu kwa hilo. Kwanza nilikuwa nimekwisha kuhama kituo, hakuna ambaye angenifanya lolote. Pili nilikuwa nimesikia kwamba kocha amestaafu. Niliandika hatari ilipokwisha, upande wangu na upande wake.

Yule binti sijamtafuta. Nimewahi kufikiri kumwomba radhi, kisha nikajiuliza radhi hiyo ingekuwa ya nani, yeye au mimi, nikaacha. Kama siku moja atataka kusema, jina langu analo, na nitasimama kuwa shahidi wa mlango ule.

Wewe uliye meneja wa timu, matroni, dereva wa basi la chuo, mtunza stoo: kwa mtoto namba ya simu ni 116, Tanzania na Kenya, na hailipishwi. Mkubwa wako mwambie baada ya kupiga.

Barua yangu ilijibiwa kwa aya mbili. Walinishukuru, wakasema mwalimu huyo amestaafu kwa heshima, na kwamba wamepekua jalada lake tangu kuajiriwa, vyuo vyote alivyopita, hawakuona lalamiko hata moja dhidi yake. Wamesema kweli. Lalamiko lilikuwa langu kuliandika, na sikuliandika.