Kandanda Kibera na Kawangware: Wamoroko Wametuzidi Wapi?

Msomaji, ukitaka kuujua utamu wa kandanda jijini Nairobi, usianzie Kasarani wala Nyayo. Jumapili moja alasiri, chukua wanao, panda matatu ya Kibera, shuka Makina, kisha tembea hadi Kawangware. Ni mwendo wa saa mbili hivi ukienda polepole. Vaa viatu vya kuvumilia vumbi.

Hapo Makina utawakuta Wanubi, wazao wa askari kutoka Sudan waliotumikia jeshi la King's African Rifles. Jina Kibera limetokana na neno la Kinubi, kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitenga zaidi ya eka 4,000 ziwe ardhi ya jeshi, na askari hao wakakaa humo. Mwaka 2017 jamii yao ilipokabidhiwa hatimiliki, ilikuwa ya eka 288. Iweke akilini hesabu hiyo, maana tutairudia.

Ingia ndani kidogo. Reli iendayo Kisumu inapita katikati ya vijiji, na kando yake kuna mboga, viatu kuukuu na samaki wa kukaanga. Kila penye upenyo pana watoto na mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba. Mawe mawili ndiyo goli. Katika uwanja wa Kamukunji utaona mechi ya watu wazima, mashabiki wamesimama juu ya mstari wenyewe. Leo ni mpira, kesho ni mkutano wa siasa, keshokutwa ni mahubiri. Kiwanja ni hicho hicho.

Usidhani ni mchezo wa kupitisha wakati tu. Klabu ya Kibera Black Stars iliwahi kucheza katika ligi ya taifa iliyo hatua moja tu chini ya Ligi Kuu. Na siku ya Mashemeji, Gor Mahia wakikutana na AFC Leopards, mtaa hugawanyika: huku kijani, kule buluu na nyeupe, na mke na mume hawasemezani hadi kipenga cha mwisho.

Sasa pita soko la Toi, uvuke mitaa ya Woodley ulipo uwanja wa Joseph Kang'ethe, utokee Ngong Road. Fuata barabara hiyo hadi Dagoretti Corner, ukunje kulia uingie Naivasha Road. Harufu ya mutura na mahindi ya kuchoma itakuambia kwamba umefika Kawangware. Katika vibanda vya video ubao umeandikwa kwa chaki mechi za Uingereza. Lakini uliza habari za Agosti 2025, uone watu watakavyokuzunguka.

Tarehe 10 mwezi huo, Harambee Stars waliilaza Moroko 1-0 uwanjani Kasarani, bao la Ryan Ogam, tena tukiwa tumebaki wachezaji kumi. Hiyo ilikuwa michuano ya CHAN, inayoruhusu wachezaji wa ligi za nyumbani pekee. Kwa hivyo hawakuwa akina Hakimi wa Ulaya. Ilikuwa ligi ya Moroko, iitwayo Botola, ana kwa ana na ligi yetu, na yetu ikashinda.

Haikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kuwatoa jasho watu wa Kaskazini. Mwaka 1987 Gor Mahia walitoka sare ya 2-2 na Esperance kule Tunis, wakatoka 1-1 Kasarani, na kulitwaa Kombe la Mandela kwa mabao ya ugenini. Februari 2019 waliichapa Zamalek ya Misri 4-2.

Basi mbona furaha yetu haidumu? Zamalek walitulipa 4-0 kwao, na mwishowe wakabeba kombe. Mwaka 2024 Al Ahly waliifunga Gor 3-0 Nairobi na 3-0 Cairo. Hata katika CHAN, Kenya iliondolewa na Madagascar kwa penalti kwenye robo fainali. Wamoroko tuliowafunga walirudi Kasarani tarehe 30 Agosti, wakaifunga Madagascar 3-2 na kuondoka na kombe lao la tatu.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Tazama Casablanca. Raja, klabu iliyoanzishwa mwaka 1949, ni kipenzi cha Derb Sultan, mtaa wa makabwela kama hii yetu. Mahasimu wao Wydad walianza 1937. Klabu hizo mbili zimezoea kuchezea uwanja mmoja wa umma, kama vile Gor na Leopards ambao hawana uwanja wa mechi wa kwao. Tofauti iko nyuma ya pazia: kila moja ina viwanja vyake vya mazoezi, ambako watoto hulelewa kisoka tangu wadogo. Karibu na Rabat kuna chuo cha soka cha Mohammed VI, kilichofunguliwa mwaka 2010. Humo ndimo alimotoka Youssef En-Nesyri, aliyeifunga Ureno katika Kombe la Dunia la 2022, Moroko ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali.

Sasa rudia ile hesabu ya eka. Ardhi ya mitaa hii imekuwa ikimegwa miaka nenda miaka rudi, na kiwanja huwa cha kwanza kutamaniwa, kwa sababu huonekana kama mahali patupu. Lakini si patupu. Mtoto wa Kibera ana miguu sawa na ya mtoto wa Derb Sultan. Kilichopungua ni nyasi, mwalimu na mpira wa ngozi.

Malizia matembezi yako katika uwanja wa Riruta, kabla jua halijatua. Keti na wanao, waonyeshe watoto wenzao wanavyochenga. Kisha ukifika nyumbani, uulize kiwanja cha mtaa wako ni mali ya nani, na hati yake iko wapi. Ukikuta hakuna ajuaye, usilale. Kiwanja kikishajengwa ghorofa, hakirudi tena kuwa kiwanja.