Siku niliyoshika bunduki likizoni

Ikiwa unaishi Parklands au umewahi kupanga nyumba huko, bila shaka unazijua sauti za mtaa huo. Alfajiri ni adhana, halafu ndege wa City Park, halafu honi za matatu katika barabara ya Limuru. Na ifikapo Oktoba au Novemba, Diwali inapowadia, ni fataki. Majirani zangu Wahindi huzirusha tangu jua lizamapo hadi watoto wasinzie, na mbwa wa mtaa mzima hujificha chini ya magari.

Katika nyumba yetu, kwa miaka mitano, si mbwa tu waliojificha.

Utanisamehe nikirudi nyuma kidogo. Jumamosi tarehe 21 Septemba 2013, adhuhuri, nilikuwa nikipika. Mwanangu wa kiume, kifungua mimba, alikuwa na umri wa miaka tisa. Mlio wa kwanza tulidhani ni lori limepasua gurudumu. Ulipofuata wa pili, na wa tatu, nilijua. Nilijua kwa sababu nilikuwa na miaka minane siku ya Jumapili ile ya 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kuipindua serikali, na baba yangu akatulaza sakafuni katika nyumba yetu huko Ngara tangu asubuhi. Mtu akishausikia mlio huo utotoni, hausahau.

Kutoka roshani yetu hadi jengo la Westgate ni mwendo wa kutembea kwa miguu. Kwa siku nne tulisikia kila kitu: milio ya mfululizo, milio ya mmoja mmoja, kimya, helikopta, tena milio. Mume wangu alikwenda kupanga foleni ya kutoa damu. Mimi nilipeleka mablanketi katika kituo cha Oshwal, kilichokuwa kimegeuzwa mahali pa kuwapokea majeruhi na jamaa waliokuwa wakiwatafuta watu wao. Nilipokuwa nikirudi nyumbani nilimkuta mwanangu dirishani. Kila mlio uliposikika aliuliza, "Mama, hiyo ni ya askari au ni ya wale wengine?" Ningemjibu nini? Watu 67 waliuawa mle ndani, na mtoto wangu alikuwa akihesabu milio kama anayehesabu hesabu za shule.

Wiki sita baadaye ilikuwa Diwali, tarehe 3 Novemba. Fataki ya kwanza ilipopasuka, alitoweka. Tulimtafuta chini ya vitanda, tukamtafuta bafuni, tukampata ndani ya kabati la nguo akiwa ameuma mkono wa koti la baba yake ili asipige kelele. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi: kila Diwali tulifunga madirisha, tukafungua redio kwa sauti ya juu, naye akalala chumbani kwetu. Si Diwali peke yake. Puto likipasuka katika sherehe ya kuzaliwa kwa mwenzake, alikuwa chini ya meza kabla hujageuka. Na mvulana akifika miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, wenzake hawaoni huruma tena. Wanacheka.

Sasa tufike likizoni. Agosti 2018 nilipata likizo na nauli ya watu wawili, tukaenda kumtembelea mdogo wangu ambaye ni muuguzi katika mji wa Leicester, Uingereza. Ukifika Leicester utadhani hukutoka Parklands. Maduka ya sari, mithai, hekalu, na wazee wakisalimiana kwa Kigujarati barabarani. Wengi walitoka Uganda walipofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, na wengine walitoka kwetu.

Jirani wa mdogo wangu alikuwa mmoja wa hao wa kwetu. Mzee huyo alizaliwa Parklands, akaondoka mwaka 1968 akiwa kijana, wakati Wahindi wenye pasipoti za Kiingereza walipokuwa wakiwahi kabla mlango haujafungwa. Aliposikia tumetoka Nairobi alibisha hodi jioni hiyo hiyo. Kiswahili chake kilikuwa kile cha zamani cha dukani, nami nilikipenda sana. "Mama," akaniuliza, "ile nyani ya City Park bado naiba ndizi?" Nikamwambia bado wanaiba, tena siku hizi huchagua.

Mzee huyo ni wa jamii ya Oshwal, wafuasi wa dini ya Jaini. Hali nyama wala yai, na hata vitunguu havimo jikoni mwake, maana dini yake inamkataza kudhuru kiumbe chochote. Kwa hiyo ulipita muda kabla sijaamini nilichosikia aliposema kwamba kila Jumamosi huenda kupiga bunduki.

"Hapana ndege, mama," alinihakikishia. "Sahani tu. Hapana damu."

Hebu nikueleze mchezo wenyewe. Kisahani kidogo, upana wake kama sentimita 11, hurushwa angani na mtambo, nawe hukipiga kwa bunduki ya marisau kabla hakijatua. Waingereza hukiita njiwa wa udongo, ingawa si njiwa wala si udongo. Hutengenezwa kwa lami na chokaa, kikapakwa rangi ya machungwa ili kionekane. Lakini jina la njiwa halikutoka hewani. Zamani walikuwa njiwa hai, wakifungiwa katika visanduku na kufunguliwa ili wapigwe. Hata katika michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1900 walipigwa njiwa wa kweli. Mwaka 1880 Mmarekani mmoja wa Cincinnati, George Ligowsky, alisajili uvumbuzi wa kisahani cha udongo, na mwaka 1921 Uingereza ikapiga marufuku kabisa kuwafungulia ndege waliofungiwa ili wapigwe. Mzee alilieleza jambo hili kwa fahari, kana kwamba sheria ile aliipitisha yeye.

Akatualika. Nilikataa papo hapo. Mwanangu, aliyekuwa na miaka kumi na minne na kimya kingi, aliinua uso kutoka sahani yake ya chakula akasema, "Mimi nataka kwenda."

Usiku huo tulibishana, mimi na yeye, kwa sauti ya chini tusiwaamshe wenyeji. Nilimwambia bunduki si kitu cha kuchezea. Akasema anajua. Nilimwambia atatetemeka mbele ya watu. Akasema, "Hata hapa natetemeka, Mama. Nataka kuona ule mlio unatoka wapi."

Basi Jumamosi tukaenda, mzee akiendesha gari polepole. Uwanja ulikuwa nje ya mji, katikati ya mashamba ya ngano iliyokwisha kuvunwa. Tulipofungua milango ya gari tu, mtu fulani nyuma ya ua akapiga. Mwanangu akasimama wima kama mti. Alinishika mkono, akaubana hadi pete yangu ikanichoma. Na mimi, nikwambie ukweli, nilikuwa nimekwisha kuinama.

Mkufunzi, mwanamke wa makamo mwenye uso wa kuunguzwa na jua, alituona. Hakucheka wala hakuuliza. Alituambia turudi hadi kwenye kibanda cha chai, mbali na milio, akatuletea bunduki isiyo na risasi. Kabla ya hapo ilibidi tusaini fomu. Sheria ya Uingereza humruhusu mgeni asiye na leseni kupiga bunduki ya marisau katika uwanja ulioidhinishwa, chini ya usimamizi, lakini lazima atie sahihi kwamba hajawahi kutumikia kifungo kinachomkataza kushika silaha. Nilitia sahihi nikijihisi kama mshukiwa.

Mafunzo ya kibandani yalichukua karibu saa nzima, na kwangu hayo ndiyo yaliyokuwa matamu. Bunduki ile ina mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, na hukunjika katikati kama mlango kwenye bawaba. Sharti la kwanza: usipokuwa kwenye zamu, bunduki ikae imekunjwa, ili kila mtu aone kwa macho yake kwamba haina kitu. Ile wanayoiita namba 12 imepata jina hilo hivi: chukua ratili moja ya madini ya risasi, uigawe sehemu 12 sawa, kila sehemu uifinyange kuwa gololi; gololi hiyo huenea sawasawa mtutuni. Lakini ndani ya risasi yenyewe hamna gololi moja, mna chembe mia kadhaa za marisau, na ndizo zinazotawanyika angani kumsaidia asiye fundi.

Halafu alitupima macho. Tuliunganisha viganja tukaacha tundu dogo, tukamtazama usoni kupitia tundu hilo, kisha tukafumba jicho moja moja. Kumbe mimi ninayeandika kwa mkono wa kulia ni jicho langu la kushoto linalotawala! Alinibandikia kipande cha karatasi kwenye kioo cha kushoto cha miwani. Nina zaidi ya miaka arobaini, na sikuwahi kujua hivyo kuhusu kichwa changu mwenyewe.

Nilimwambia kwamba huu ni mchezo wa wanaume. Akaniuliza kama nimemsikia Kim Rhode wa Marekani. Mwanamke huyo ameshinda nishani katika Olimpiki sita mfululizo, tangu Atlanta mwaka 1996 hadi Rio mwaka 2016. Nikanyamaza.

Nilitangulia mimi, kwa kuwa mama hawezi kumtanguliza mtoto mahali asipopajua. Vifuniko vya masikio, miwani, shavu juu ya kitako cha bunduki, uzito kwenye mguu wa mbele. Unatamka neno la Kiingereza la "vuta", mtambo unakirusha kisahani, nawe unakifuata kwa mtutu, unakipita kidogo, unafyatua, na wala husimamishi mkono. Wenye manati wanalijua hilo: ndege arukaye hapigwi alipo, hupigwa anapokwenda. Mimi nilijua pia, lakini mikono haikujua. Bunduki ilinipiga teke begani, kisahani kikaenda zake kikatua majanini kizima, kama kinachonicheka. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu, cha nne. Mkufunzi akaniambia naangalia mtutu; niangalie kisahani, mtutu utakuja wenyewe. Cha saba kilipasuka vumbi, nami nikapiga kelele ya mwanamke wa harusini. Katika kumi nilivunja kimoja. Bega lilikuwa jeusi kwa wiki nzima.

Ikawa zamu yake. Alisimama pale kwa muda mrefu bila kutamka lolote. Nilimwona mgongo ukitetemeka, nikataka kwenda kumtoa. Mzee akanigusa mkono. "Ngoja, mama. Wewe ngoja tu."

Hatimaye mwanangu akasema lile neno, kwa sauti ndogo sana. Mtambo ukarusha. Hakupiga. Kisahani kikatua. Mkufunzi akasema hamna neno, sema tena utakapokuwa tayari. Akasema tena. Safari hii mlio ukatoka, na niliona mabega yake yakiruka, kisha yakishuka. Akakosa. Akatia risasi nyingine kwa vidole vyake mwenyewe, akafunga bunduki, akapumua, akasema tena. Sijui alikosa vingapi mfululizo, maana mimi nilikuwa nikiangalia mabega. Alivunja vinne katika kumi. Alipovunja cha nne alikunja bunduki, akamrudishia mkufunzi, akasema imetosha, ahsante.

Ndani ya gari hakuna aliyezungumza hadi tulipoingia mjini. Ndipo akaniambia, akitazama dirishani, "Pale haulii mpaka mimi niseme."

Mzee aliyekuwa usukani hakugeuka. Baadaye sana, tukiwa tunaagana, alinieleza kwamba mwaka ule wa 2013 mpwa wake alikuwa miongoni mwa vijana waliogawa chai na chakula pale kituo cha Oshwal. Huenda nilimpa kijana huyo mablanketi yangu mkononi. Hatukuweza kujua.

Tafadhali usiniandikie kuniuliza jinsi ya kupata bunduki Nairobi. Sina, sitaki, na sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, si ya mzaha. Wala sikuambii umpeleke mtoto wako mwenye hofu uwanjani kesho. Wako huenda akahitaji daktari, na wangu pia huenda alimhitaji siku nyingi kabla, nami sikujua pa kumpeleka. Nakusimulia yaliyotupata.

Alitaka kurudi na ganda la risasi kama kumbukumbu. Nilikataa, nikiwaza maswali ya uwanja wa ndege. Badala yake alikuja na kipande cha kisahani, rangi ya machungwa, ukubwa wa kucha ya dole gumba. Kiko kwenye kizingiti cha dirisha lake.

Mwaka huo Diwali iliangukia Jumatano, tarehe 7 Novemba, naye alikuwa nyumbani, shule yao imefungwa. Jua lilipozama nilianza kufunga madirisha kama ilivyo desturi. Nilipofika sebuleni nikamkuta amesimama roshani, viganja juu ya masikio, akitazama upande wa jirani ambako kijana mmoja alikuwa ameinama na kiberiti. Kijana akasogea nyuma. "Sasa," mwanangu akanong'ona. Fataki ikapaa, ikapasuka kijani. Ya pili akasema "sasa" mapema mno, ya tatu akapatia. Ya nne ilipasuka nyuma ya nyumba yetu, upande ambao hakuwa akiutazama, naye akaingia ndani mbio, akakaa sakafuni kati ya kochi na ukuta, akihema.

Nilikaa karibu naye. Baada ya muda akauliza kama chai ipo. Nikamwambia ipo. Akainuka, akaenda kuimimina, na kikombe chake akarudi nacho roshani.